Shaba Chini ya Chai Yetu

Baba Mdogo,

Mistari miwili ya chai ya upande wa chini imeng'olewa. Nataka uisikie habari hiyo kutoka kwangu kabla hujaisikia kwa mtu mwingine huko uliko, kwa sababu jina lako limetajwa sana ndani yake.

Nilirudi shuleni kabla udongo wa kaburi lako haujakauka. Muhula wote Mama alikuwa akiniandikia kwamba Baba hali chakula vizuri, kwamba akitoka kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia anakaa tu kwenye benchi la nje, redio iko magotini na haijawashwa. Kwa hiyo nilipofunga shule nikateremka ile njia yetu na sanduku langu, nilikuwa nimejiandaa kwa nyumba ya kimya. Badala yake nilisikia mluzi. Unamjua ndugu yako. Yeye hupiga mluzi tu akikamua ng'ombe anayetoa vizuri, na saa hiyo haikuwa ya kukamua.

Nilimkuta chini karibu na mto, suruali imekunjwa, jembe mkononi, na mashina ya chai yamelala mizizi juu. Akaniambia bila hata kunisalimu, "Chelang'at, baba yako mdogo alituachia kitu." Akanipa jiwe. Lilikuwa na rangi ya kijani upande mmoja, kijani cha kuelekea buluu, kizuri sana, kama mtu alikuwa amelipaka.

Alikuwa amelipata akizibua mtaro wa maji. Akakumbuka maneno yako. Kumbe alikuwa anasikia. Siku zote nilifikiri Baba akikaa nasi pale nje Jumapili na macho yamefungwa, amelala. Lakini aliweza kukunukuu neno kwa neno: "Shaba ikikaa na maji na hewa, hugeuka kijani. Ukiona mwamba wa kijani, simama."

Basi akasimama. Halafu akaanza kuchimba.

Nikuambie ukweli, siku ile sikuwaza chai. Nilikuwaza wewe na lile jiwe ulilorudi nalo. Kila mtu hapa alitarajia ungeshuka kutoka Urusi, ulikosomea miamba, na koti zito na redio kubwa, nawe ukaleta kipande cha mwamba, mviringo na laini kama mti wa kusukumia chapati. Kogo, mama yenu, alikuuliza kama huko hakuna maduka. Ukacheka, ukamwambia mashine ilikitoa ndani ya mlima huko Armenia, kwenye kina ambacho hata kisima hakifiki, na kwamba wewe ndiye uliyekiosha tope. Nilikuwa mdogo. Sikujua Armenia ni nini. Nilijua tu kwamba mtu wa kwetu alikuwa ameosha kitu kilichotoka tumboni mwa mlima.

Ulikosa kazi ya miamba, ukaenda kufundisha jiografia, na nchi iliyokusomesha ikavunjika ukisikiliza redioni. Lakini Jumapili jiwe lilitoka. Ulinionyesha ile mishipa myeupe ya kioo inayokatizana ndani ya kijivu, na kwenye mishipa chembe za njano zinazong'aa, ambazo ni shaba iliyoshikana na salfa, na kando yake kitu cha rangi ya fedha, laini kama mafuta. Molibdeni. Nililipenda hilo neno kabla ya kulielewa. Ulichukua kidole changu ukakipitisha juu yake, ukaniambia niandike kwenye karatasi, na kidole kikaandika kama penseli. Hicho ndicho kitu kinachokifanya chuma kisilegee kwenye moto mkali, ukasema. Nilikataa kunawa, nikaenda ibada ya jioni na kidole cha kijivu.

Nikakuuliza viliingiaje humo. Ulichukua sufuria ya uji. Uji wa mwamba ulipanda kutoka chini sana, ukasema, ukakwama kabla ya kufika juu, ukaanza kupoa polepole chini ya mfuniko mzito. Ulivyopoa, maji na mvuke uliokuwa ndani yake ukakosa pa kwenda. Mfuniko haukuruka, ulipasuka nyufa maelfu kwa maelfu, na yale maji ya moto yakapita katika kila ufa yakiwa yamebeba shaba na molibdeni, yakapoa, yakaacha mzigo wao, kama ukoko unaobaki ndani ya birika. Halafu yakaja mengine. Na mengine tena. Hapakuwa na mtu wa kuona. Hapakuwa na mtu popote duniani.

Nilitazama uji uleule niliokunywa asubuhi nikaogopa kidogo.

Kulikuwa pia na ile hesabu yako. Lori zima la mwamba ule, ukilisaga lote, shaba yake ingejaza birika, na molibdeni ingejaa kikombe kimoja. Nilikuwa nimetarajia dhahabu ya mfalme, na nadhani uliuona uso wangu, maana ukasema, "Sasa fikiria mlima mzima uko hivyo." Ukanieleza jinsi wanavyoukata kwa matuta kama sisi tunavyolima mteremko, malori yakionekana kama siafu kwenye matuta hayo, mwamba unasagwa ukawa unga, unavurugwa kwenye maji yenye povu, na shaba inapanda na povu, wanaiengua kama malai juu ya maziwa. Mtu wa mgodi, ulisema, haulizi kama shaba ipo. Shaba ipo kila mahali kidogo kidogo, hata ndani ya jani la chai, na bila hiyo jani lisingegeuka rangi vizuri kiwandani. Anauliza ni kiasi gani, iko kina gani, maji yatatoka wapi, barabara iko wapi, na uchafu wote huo utalazwa wapi ukishatolewa. Na hapa kwetu? Hapa tumefunikwa blanketi. Moto wa volkano ulimwaga mawe meusi juu ya kila kitu, yakaoza yakawa huu udongo mwekundu unaopendwa na chai. Kama kuna kitu cha zamani, kimelala chini ya blanketi, na hakuna mtu atakayekifikia kwa jembe.

Kwa jembe. Ulisema hivyo kabisa, na nilikuwa nimeshika jiwe la kijani na Baba alikuwa na jembe.

Ungekuwapo ungecheka kwanza, najua. Omondi, yule fundi wa umeme wa kiwandani, alikuja kuangalia, akalikwaruza jiwe kwa msumari, akatangaza, "Mzee, hii ni shaba kabisa. Waya zangu za zamani hugeuka hivi hivi." Tangu hapo akawa akimwita Baba "Bwana Mgodi" kutoka ng'ambo ya mto. Baba aling'oa mstari wa kwanza, akang'oa wa pili. Alipanga kusafisha upande wote wa chini kabla ya mvua. Ni ile chai inayonilipia shule, naye anajua, lakini alisema mgodi utalipa shule ya ukoo mzima. Mama alimwambia, "Wewe chimba, lakini ng'ombe atakula nini, kijani cha mawe?" Baba akasogeza sahani yake aongezewe. Alikuwa anakula sahani mbili.

Nilichukua nyundo yako kutoka chini ya kitanda chako, nikashuka peke yangu. Niligeuza mawe yaliyokuwa mtaroni. Kijani kilikuwa upande wa juu tu. Ulikuwa ukiniambia nisiamini ngozi ya jiwe, nilivunje. Nikalivunja moja. Ndani lilikuwa jeusi la kawaida, safi, mwamba wetu wa volkano, bila mshipa, bila chembe. Kijani kilikuwa chembamba kama rangi ya kucha.

Nikakaa mtaroni. Mluzi ulikuwa unatoka zizini.

Unajua mimi nilivyo. Hata darasani nikijua jibu, naliandika pembeni ya daftari badala ya kuinua mkono. Na hili halikuwa jibu ambalo mtu yeyote alilitaka. Nilijiambia labda nimevunja jiwe baya. Nilijiambia labda wewe ulikuwa umekosea kuhusu blanketi. Nilinyamaza hadi Jumamosi, alipoingia mstari wa tatu, na shina la kwanza likaanza kulia kwenye mizizi kama mlango wa zamani. Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Baba, tulivunje kwanza."

Omondi alikuwa amevuka mto kuja kusaidia. Akasema, "Mwache msomi aongee." Baba akaegemeza jembe. Akasema, "Vunja."

Nilivunja. Nikamwonyesha ndani, nikamwonyesha ngozi. Hakukuwa na haja ya kueleza. Alininyang'anya nyundo. Akavunja jingine. "Labda hili," akasema. Akavunja jingine. "Hili ni kubwa, labda hili." Vipande vilikuwa vinaruka hadi kwenye chai. Kila moja lilikuwa jeusi ndani.

Hapo Kogo akawa ameteremka na fimbo yake, maana alisikia nyundo. Akatazama mawe, akauliza kwa nini tunavunja mawe ya mtu wa nyanya. Mtu gani wa nyanya? Kumbe Baba alipokuwa akifanya kazi kule Kedowa, kabla chai haijapandwa huku chini, Kogo alikodisha hapa kwa mtu aliyelima nyanya. Hapo penye mawe ndipo alipochanganyia dawa ya ukungu, ile ya buluu, na ndipo alipooshea pampu, misimu mingi. Dawa ile ni ya shaba. Omondi hakuwa amedanganya.

"Na hukusema, Mama?" Baba akauliza.

"Hakuna mtu aliniuliza. Mlikuwa mnauliza mawe."

Omondi alijaribu kujizuia, akashindwa. "Bwana Mgodi, kumbe tunachimba duka la dawa za mimea." Hata Kogo alicheka. Baba hakucheka. Alikaa chini kwenye udongo, nyundo yako katikati ya magoti, akasema kwa sauti ya chini sana, kama vile hatupo, "Nilifikiri ameniachia kitu."

Baba Mdogo, mimi ndiye niliyemnyang'anya. Sijui kusema zaidi ya hapo.

Omondi akaenda. Kogo akaenda. Mimi nilibaki nikiokota vipande, kwa kuwa sikujua mikono yangu iende wapi. Halafu Baba akasema, "Lete lile jiwe lake."

Nilileta. Aligeuza ule mviringo kwenye viganja vyake, akagusa ncha zake, akauliza, "Hili kuna aliyewahi kulivunja?" Nikasema hakuna. Akasema, "Si alisema jiwe livunjwe?" Nilitaka kukataa. Ni kitu chako cha pekee chenye alama za mikono yako. Lakini ni ndugu yako, na hajawahi kuniomba chochote cha namna hiyo. Nikalishika juu ya mwamba, yeye akapiga.

Halikusagika. Lilifunguka kwenye mshipa, kama kitabu.

Ndani, uso mzima ulikuwa molibdeni. Ungeona. Uling'aa kama maji ya alfajiri, ukiwa na nukta za njano za shaba zimetawanyika ndani yake, na pembeni ule weupe wa kioo. Nikawaza kwamba yale maji ya moto yalipita hapo, yakaacha hicho, yakafunga mlango, na tangu siku hiyo hakuna mwanga uliowahi kuingia. Mlima ulisubiri. Mashine ikaja, wewe ukaosha tope, ukalibeba ndani ya ndege, likakaa chini ya kitanda chako, na wewe mwenyewe hukuwahi kuuona uso huo. Macho ya kwanza yalikuwa ya baba yangu na yangu, tukiwa tumekaa kwenye mtaro wa chai.

Baba alipitisha kidole gumba pale, akakitazama kilivyogeuka kijivu. Akasema, "Haya. Anza mwanzo. Niambie vile alikuwa anakuambia."

Nami nikaongea. Sijawahi kuongea hivyo. Nilimweleza mfuniko, nyufa, birika na kikombe, povu na malai. Aliuliza maswali kama mtu anayenunua ng'ombe: mgodi huo unakunywa maji ya nani, matuta yake yanaporomoka, watu wa pale wana mashamba? Tulipopanda nyumbani kupata chai bado alikuwa akiuliza. Mama alituwekea vikombe akatuacha.

Mashina yaliyong'olewa hayatakubali tena. Yamekuwa kuni. Tumechimba mashimo mapya katika mistari ile miwili, na mvua ikianza tutapanda miche. Itachukua miaka kabla mtu hajachuma hapo. Baba hapigi mluzi, lakini redio inawaka, na anakula.

Jana akaniuliza jambo ambalo sikuwahi kukuuliza wewe. Alikuwa anafunga mlango wa zizi. "Na kabla ya kuwa ndani ya ule uji wa moto, shaba ilikuwa wapi?"

Niliweka ndoo chini. Sikujua. Nimetafuta kwenye vitabu vyote vilivyo nyumbani mwako, vile vya Kiingereza, maana vya Kirusi siwezi, na sijapata mahali panaporudi nyuma kiasi hicho. Nilimwambia sijui, naye akasema, "Basi utaniambia ukijua," kana kwamba ni jambo la kawaida, kana kwamba nimetumwa Litein kununua chumvi.

Kwa hiyo lala, Baba Mdogo. Nimechukua nyundo, sijaiomba kwako, nadhani umekubali. Shule ikifunguliwa nitainua mkono na kumuuliza mwalimu, na kama hajui nitauliza mahali pengine, hata ikibidi niende hadi kwenye mlima wenyewe. Nikipata jibu nitamwambia Baba kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza, kisha nitakuja kukaa hapa kando yako nikuambie na wewe.

Mtoto wako,
Chelang'at