Umri wa Bi Kirembo

Jumamosi, 7 Desemba 2024

Kanuni ya tisa imepita! Kura tatu kwa moja. Aliyekataa ni Luqmani peke yake, na hata yeye alikuwa anamenya karanga. Sidhani kama alisikiliza.

Nimeiandika mwenyewe kwenye daftari la kanuni za meza yetu ya mchezo wa hadithi: wahusika wataamkiana kwa umri wa mhusika, si wa mchezaji. Mdogo akimwamkia mkubwa anapata baraka, yaani anaongeza mbili kwenye dadu yake siku nzima. Asiyeamkia hana chake.

Idarusi ameipenda. Yeye ndiye msimulizi. Nchi yote ya Milima Saba iko kichwani mwake, sisi tunamwambia tu wahusika wetu wanafanya nini, na dadu ya nyuso ishirini inaamua kama wamefaulu. Alisema nchi isiyo na salamu si nchi, ni stendi. Mastura, rafiki yangu, akasema basi Bi Kirembo atakuwa na kazi ya kuitikia marahaba kutwa.

Bi Kirembo ni mimi. Mlinzi wa kisima, miaka mia tatu na kumi na mbili. Akianza kusema, wote wananyamaza. Mimi nikianza kusema, watu wanauliza "eti?" mpaka nasahau nilichotaka. Miaka minne ya sekondari sikunyoosha mkono hata mara moja. Leo, barazani kwa kina Idarusi pale Chumbageni, nimeongea dakika kumi nzima nikiwakataza wasivuke mto.

Hawakuvuka.

Jumapili, 8 Desemba 2024

Kanisani. Kufua. Matokeo ya fomu foo mpaka Januari, na kila mtu anauliza kana kwamba nimeyaficha mimi. Baba ametaka kujua Jumamosi huwa naenda Chumbageni kufanya nini. Nimesema hadithi. Si uongo.

Jumamosi, 14 Desemba 2024

Sijala. Nina hasira, chakula hakipiti.

Luqmani alichelewa. Tulikuwa tumeshaanza, Bi Kirembo yuko mlangoni mwa pango anawapanga watu. Luqmani akaingia, na mimi — mdomo wenyewe tu — nikainuka nikasema shikamoo kaka. Ana miaka ishirini na nne! Kwao na kwetu Nguvumali ni ukuta mmoja, nimemwamkia hivyo tangu niko darasa la kwanza. Ningefanyaje?

Akaitikia marahaba. Akakaa. Akavuta daftari langu, akatafuta kanuni ya pili, akaisoma kwa sauti kama anasoma risala: mchezo ukishaanza, kila neno linalosemwa mezani ni neno la mhusika. Halafu akafunga daftari.

"Bi Kirembo kaniamkia mwenyewe," akasema. "Kwa hiyo Jemadari Radi ndiye mkubwa. Baraka ni zangu kutoa."

Jemadari Radi ndiye mhusika wake. Ana miaka ishirini na tano na kofia ya chuma. Mkubwa wa nani?

Mastura alicheka. Hata yeye! Idarusi akakuna kichwa, akasema kanuni ni kanuni, lakini apewe muda afikirie. Wote wakanigeukia. Nilikuwa na maneno, naapa nilikuwa nayo. Kanuni ya pili niliiandika mimi, na niliiandika ili mtu asikane alichosema akiona dadu imemwendea vibaya. Si ya kumnyang'anya mtu umri wake.

Nikasema "sawa".

Sawa! Nani aliniambia niseme sawa?

Wamechukua adabu niliyofundishwa nyumbani wakaifanya mtego. Ningekuwa mjeuri, ningekuwa bado na miaka mia tatu na kumi na mbili.

Jumatano, 18 Desemba 2024

Idarusi ametuma uamuzi kwenye grupu. Jumamosi, mchezo ukiwa umeanza, Bi Kirembo na Jemadari Radi watakutana. Mmoja atamwamkia mwenzake, na hiyo ndiyo ya mwisho. Bi Kirembo akiamkia tena, basi alikuwa anadanganya umri. Ana miaka kumi na sita, na nguvu za kisima zinahamia kwa Radi.

Kumi na sita! Mimi mwenyewe nina kumi na saba.

Luqmani akajibu kwamba basi limeisha hilo, mtoto wa mzee Hosea, yaani mimi, ana adabu zake. Na vikatuni vya kucheka, sita.

Nimeandika jibu refu. Nimelifuta. Nimeandika jingine, la heshima zaidi. Nimelifuta.

Ijumaa, 20 Desemba 2024

Asubuhi nimekutana na Luqmani bombani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akasema niendelee hivyo hivyo mpaka kesho. Ndoo nusura inidondoke.

Mtaani ni kaka yangu. Mezani si kaka yangu. Kuna ugumu gani hapo?

Jioni nimemwendea Mastura, nimemwomba kesho anisemee. Amekataa. Ati amenisemea dukani, amenisemea shuleni, amenisemea kwa mwalimu wa hesabu siku ile daftari langu lilipopotea, na sasa amechoka kuwa mdomo wa mtu mwenye mdomo. Nimemkasirikia njia nzima hadi nyumbani.

Lakini kwa mwalimu wa hesabu kweli alinisemea.

Jumamosi, 21 Desemba 2024

Naandika hapa hapa barazani. Wanadhani ni kanuni.

Luqmani amechelewa makusudi. Mastura alimwona kwenye kibanda cha chipsi ng'ambo ya barabara, amejiegemeza, hana haraka. Alikuwa anangoja Idarusi aanze. Idarusi akaanza. Na yeye huyo, akaja kusimama mbele yangu, mikono nyuma, kama mgeni rasmi anayesubiri shada la maua.

Sikuinuka.

Mama Idarusi alikuwa anatoka ndani na sinia la chai. Yeye hajui habari za kisima wala za Radi. Anachoona ni msichana amekaa, mkubwa wake amesimama, na kimya. Akasema, "Benedikta, mwanangu, kaka yako humwoni?"

Masikio yaliwaka moto. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, lile lile. Idarusi ananitazama. Mastura anaitazama dadu. Na Luqmani ameanza kutabasamu, kwa sababu ananijua.

Nimesema, "Namwona, mama." Halafu nikageuka. "Jemadari, mjukuu wangu, karibu. Nakusikiliza."

Kwa sauti kubwa. Hakuna aliyeuliza "eti?".

Hakuna aliyecheka pia. Mama Idarusi ameweka sinia chini, taratibu, hajarudi ndani. Tabasamu la Luqmani halipo. Ameniuliza kama najua ninaongea na nani.

Nimeshika kalamu, naandika. Bado amesimama. Bado nimekaa. Idarusi amesema polepole, "Jemadari, ni zamu yako," na naweka kalamu chini, nisikie kama ataniamkia.