Harusi ya Maboga Rugerero

Dada Koku, shikamoo. Huku Gisenyi mvua haikosi mchana, nami nimekula sambaza, vile vidagaa vya ziwani, mpaka nanukia samaki.

Jana asubuhi nilikuwa shambani na Mama Furaha, mfuga nyuki aliyenikaribisha kwake Rugerero. Karibu alie. Ameahidi maboga kwa ubatizo wa mjukuu wake, na yote yanaoza yakiwa madogo kama ngumi. "Nyuki yangu iko na uvivu," akasema. "Inavuka mpaka, inaenda kutumika kazi Goma."

Nikamuuliza maua dume yako wapi.

"Zile haizalaka kitu? Mi nakataka zote, napika!"

Nikamweleza kwamba nyuki huchukua chavua kwenye ua dume na kuipeleka kwenye ua jike, kwa hiyo yeye amewapika waume wote wa shamba. Akaketi kwenye matope. Kisha akaingia ndani, akarudi amevaa mushanana wake wa harusini, na mkononi ana ua dume moja bichi alilolitoa kwenye kikapu cha mboga.

"Bon. We ndiye upande ya bibi."

Majirani wakajaa. Nikalipakaza ua jike chavua huku wakipiga vigelegele. Mzee mmoja akanyanyua mkono: "Bibi arusi anakubali?" Wote wakanitazama. Dada, nilijibu ndiyo kwa niaba ya boga, na machozi yalinitoka kweli.

Leo Mama Furaha hajakata ua dume hata moja, na nyuki wanavuma humo shambani tangu alfajiri.

Wabusu watoto. Nimekukumbuka mno.

Mdogo wako, Asimwe