Mama mkwe ameosha mawe ya gesi

Jumamosi, Endagikot. Ukungu umekataa kuondoka mpaka saa tano, baridi ya masweta mawili. Ila moyo wangu leo mweupe, acha tu.

Tangu juzi moto wa jiko letu la gesi ya samadi ulikuwa wa njano, unasinzia, na jikoni harufu ya mayai viza. Nilikosa raha kabisa. Hospitali walishamwambia mama mkwe wangu kifua chake hakitaki tena moshi. Naye akaniambia wazi: jumuiya inasali kwetu Jumamosi, gesi ikishindwa kuchemsha chai ya wageni, anarudi kwenye kuni zake. Na Mama akisema, amesema.

Asubuhi, baada ya shikamoo, nikafunga koki na kufungua bomba la mawe. Ni zeolaiti, mawe ya volkano, tumeyaponda saizi ya punje za mahindi. Yana vitundu visivyoonekana kwa macho. Gesi ikipita humo, hewa isiyowaka inanaswa pamoja na ile harufu, na inayowaka inaendelea mpaka jikoni.

Nikayakuta yameloa chepechepe!

Nikamuuliza Mama kwa adabu. Hakupepesa hata jicho: "Niliyaosha juzi. Yana vumbi, na wageni wanakuja."

Jamani! Kwetu wageni wakija kila kitu kinaoshwa, hilo najua. Lakini mawe haya yakishiba maji hayana nafasi ya kitu kingine. Nilikasirika, halafu nikacheka mpaka machozi. Nani huwaza kuna kitu kinaharibika kwa kuoshwa?

Nikawasha mkaa uani, nikayakaanga kwenye karai kama karanga. Mama nilimkalisha mbali, upepo unakotokea. Hakunyamaza. "Geuza, unaunguza upande mmoja!"

Yalipopoa nikayarudisha, nikafungua koki, nikawasha kiberiti.

Bluu.

Moto wa bluu, unanguruma! Nikashusha pumzi ndefu, asante Mungu. Chai ikachemka, wanajumuiya wakanywa na kuongeza, na Mama akaimba wimbo wa mwisho beti zote bila kukohoa.

Wageni wameondoka sasa hivi. Nimepita uani nikakuta karai limesuguliwa, linang'aa. Nikakimbilia bomba, roho juu.

Mama ananiangalia tu, anacheka. "Tulia, mwanangu. Mawe sijagusa."

Leo nitalala.