Ganzi ya Mkono wa Kulia

Kaloleni, Voi

Kwako ndugu yangu Mutunga,

Mvua imeonja tu, lakini pojo zimeshika. Unasema ganzi ya vidole vyangu ni mizimu ya wazee wetu wa Kitui inaniita nirudi. Nilikwenda hospitali. Daktari alipima sukari, akapapasa shingo, kisha akagonga kifundo cha mkono, vidole vikawaka.

"Mshipa wa fahamu umebanwa, mama. Kazi yako?"

"Kusokota kamba za mkonge pajani, tangu utotoni. Lakini ndugu yangu asema ni wazee wetu wananiita."

Akacheka. "Basi wazee wako hawana kesi."

Nalala na gango, kibao cha kunyoosha kifundo, na sasa nasokota kwa mkono wa kushoto. Kamba inatoka mbaya, lakini inatoka. Mto Tiva wa huko kwetu naukumbuka kila siku. Hata hivyo, usitume gari la kunichukua. Watoto nimeshawaonyesha watakaponizika: Mraru, huku huku karibu na Voi, kando ya marehemu mume wangu.

Dadako asiyehama,
Kalondu