Midomo ya Mama Kwenye Filamu

Kaka,

Sisi huku wazima, ila paa bado linavuja palepale.

Ile filamu yako fupi isiyo na sauti, ambayo zamani magazeti yaliiponda, imeonyeshwa tena, na safari hii wahakiki wameimwagia sifa. Mmoja ameandika kwamba yule mwigizaji wa kitandani ni fundi wa kuigiza ugonjwa, na anauliza midomo yake inasema nini mwishoni. Wenzake wanadhani anasali.

Sijamjibu. Ni sisi wawili tu tunaojua kwamba Mama, ambaye tulimzika wiki ileile uliyompiga filamu, alikuwa akiomba maji, nawe ukamwambia avumilie kwanza mkanda uishe.

Miaka yote nimekulaumu wewe, lakini aliyeshika taa ni mimi, na kikombe kilikuwa pembeni yangu.

Dada yako