Usiitwange Yurea ya Ng'ombe

Namungo, Ruangwa

Mke wangu Mama Zuhura,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe, na Tulia hajambo? Usinune kwamba nimemtaja ng'ombe haraka, utaona kwa nini. Mimi mzima, nguvu ninazo, vijana wa machimbo hapa wananiita Chuma. Lakini tangu jana mchana sikai. Nikikaa nasimama.

Kale kamfuko alikokuletea Hamisi wa bodaboda, usikafungue. Kama umeshakafungua, USITWANGE. Zuhura mwanangu, hapo msomee mama yako mara mbili.

Maana nakujua. Tangu nikuoe nikahamia kwenu Ruponda, hakuna kitu kilichonusurika na kinu chako. Muhogo, mtama, hata vidonge vyangu vya kifua ulivitwanga. Ukiona chembe ngumu utasema, "Mzee kaleta mawe," na mchi umeshaushika.

Ile ni yurea ya ng'ombe, siyo ile ya kuwekea mahindi. Kila chembe imevishwa ngozi ya mafuta ili iyeyuke taratibu tumboni, ng'ombe apate nguvu hata kwa nyasi hizi za kiangazi zilizokauka kama fagio. Kanigawia Mwalimu ninayemchungia, yule wa kutoka Kagera. Ng'ombe wake hawajakonda, na mchungaji ni mimi, hilo lijulikane.

Sasa jana Hamisi ameshaondoka na mfuko, Mwalimu ananiuliza, "Mzee, umewaambia wasiitwange?"

Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nimechunga kabla hujazaliwa."

"Sikuulizi umri. Umewaambia?"

Wapi! Nilimwambia Hamisi mchanganye na pumba, basi, na pikipiki yenyewe ilikuwa inanguruma. Mwalimu akasema ikitwangwa ngozi inapasuka, yurea yote inatoka kwa mkupuo, ng'ombe anatetemeka, anavimba, anaweza kufa kabla bwana mifugo hajafika.

Nimekupigia simu mpaka kidole kimeota sugu. Umeizima, unatunza chaji. Chaji ya nini, Mama Zuhura?

Na Tulia ana mimba. Na kaka yako alisema mbele za watu, "Muuzeni, kiangazi hiki hatoki. Huyu shemeji yangu anajua kusema tu." Ndiyo nikaapa sikanyagi Ruponda mpaka Tulia azae na kaka yako mwenyewe aje kunichukua. Leo Tulia afe kwa mfuko wangu? Uso huu nitauweka wapi?

Barua hii nilitaka nimpe kondakta wa basi la asubuhi. Anasema basi halisimami Ruponda kwa ajili ya barua tu, itapitia stendi na kufika kesho kutwa. Kesho kutwa! Mchi wako unangoja kesho kutwa?

Basi nimepanda mwenyewe. Namalizia humu ndani ya basi, ndiyo maana herufi zinaruka. Nitakupa mkononi, kwa sababu nikifika nitaanza kugomba na nusu ya haya nitayasahau. Salamu za mama mkwe, na za fundi cherehani jirani yetu, nitazitoa kwa mdomo. Kaka yako akiuliza kiapo changu kiko wapi, mwambie sikuja kwake, nimekuja kwa ng'ombe.

Nikishuka pale barabarani nikasikia mchi unadunda, nitakimbia. Na mbio bado ninazo.

Mumeo, Baba Zuhura,
Chuma