Paa la Soko Nimelivaa

Rehana uko wapi? Ndo natoka mkutanoni.

Nimesimama nikamuuliza diwani wetu, Mama Lugano huyuhuyu tuliyemkatia mauno kwenye kampeni: lile paa la sisi wauza ndizi, lililopitishwa kwenye bajeti ya wanawake, liko wapi?

Akacheka. Shosti, AKACHEKA. "Mbona umelivaa, Atuganile?"

Nikajitazama. Kitenge! Kile cha Siku ya Wanawake, alichotugawia akasema ni zawadi yake, nami nikampigia vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Eti, "Fungu la wanawake limewafikia wanawake." Wanaume wakapiga makofi.

Umelivaa!! Mbele ya watu wote.

Sasa hivi nipo sokoni, mvua ya Tukuyu unaijua. Nimelivua hilo paa, nimefunikia ndizi.

Linavuja.